Jina Nililoliruka

Nataka kusema wazi tangu mwanzo: siku ile nilikuwa na haki ya kukasirika. Mbele mtasikia mengine, na mtanihukumu mkitaka, lakini mpaka saa sita ya mchana haki ilikuwa yangu yote.

Kwanza, viatu. Nilikuwa nimevaa vile vyeusi vya kisigino, viatu vyangu vya misa, kwa sababu saa nane tulikuwa na wageni nyumbani kwetu Muhumba, hapa Bukavu, na hawakuwa wageni wa kawaida. Ukoo wa Gracien, mpenzi wangu, ulikuwa unakuja kujitambulisha kwa baba yangu. Na mimi, badala ya kukaa chumbani nikipakwa mafuta na shangazi zangu, nilikuwa nimesimama bondeni kwenye matope, daftari kwapani, nikimsubiri marraine.

Marraine ni mlezi wa klabu yetu. Klabu inaitwa Bega kwa Bega. Tuko watu thelathini na kitu, walimu, wauguzi, mama wa soko, wanafunzi, na Jumamosi zetu tunazitoa kwa mtaa. Tunazibua mifereji, tunatembelea wagonjwa wasio na ndugu, na mwaka huu tulijenga chemchemi. Zamani kina mama walikuwa wanachota maji kwenye shimo chini ya mteremko, kikombe kwa kikombe, mpaka bidoni ijae. Sasa kuna tangi na mabomba matatu. Marraine wetu, maman Madeleine, anauza simenti pale Nyawera, na simenti yote ilitoka kwake, kwa hiyo ni yeye wa kufungua maji.

Mimi ni katibu. Tunachofanya, mimi ndiye ninayekiandika na kukisoma mbele ya watu, maana kwetu kazi haijaisha mpaka ripoti isomwe. Unaweza kujenga daraja zima, na kama ripoti haijasomwa, watu watakuuliza daraja litaisha lini. Ndiyo maana papa Anaclet, rais wetu, alikataa kabisa kuniruhusu nisije. Na tangazo nililiandika kwa mkono wangu mwenyewe: saa nne kamili.

Saa nne ilipita. Saa tano ikapita.

"Marraine iko njiani," akasema papa Anaclet.

"Njia gani, président? Kutoka Nyawera mpaka hapa, na pikipiki, iko robo saa."

"Eulalie, mutu mukubwa hapandi moto. Atakuya na gari. Iko anajitengeneza."

"Tangu asubuyi anajitengeneza?"

"Yee njo alitoa simenti," akasema, na kwake maneno yaliishia hapo.

Gracien alikuwa juu ya tangi, mikono ya shati imekunjwa, anakaza koki ya mwisho. Alikuwa ameniona tangu nilipoteremka. Nilijua, kwa sababu ufunguo wa kukazia koki ulimponyoka mara mbili, na Gracien ni fundi wa maji, ufunguo haumponyoki. Nikajifanya simwoni. Nilikuwa na hasira naye ya akiba, ya miezi mitatu, na sikutaka ipungue kabla ya wakati wake.

Ngoja niwaeleze hiyo hasira ilitoka wapi.

Miezi mitatu nyuma, Gracien alikuwa aje kwetu mara ya kwanza. Baba zangu wadogo walitoka Walungu na suti zao. Mama yangu, maman Marcelline, alipika tangu alfajiri. Tulikaa tangu saa nne mpaka chakula kikapoa, kikapashwa moto, kikapoa tena. Gracien na wajomba zake walifika saa kumi na mbili jioni, wamejaa matope mpaka magotini, suti zote tano, na kreti ya bia juu ya kichwa cha mmoja wao. Njiani walikuta ukuta wa mama mmoja mjane unateremka na mvua, wakavua makoti, wakashika miti mpaka majirani walipofika. Sasa niambieni, mtu kama huyo unamgombeza ukianzia wapi? Hilo ndilo lililonichosha. Kama angekuwa mlevi, au mwongo, ningemaliza naye siku ileile na nikalala vizuri.

Baba yangu, papa Cirhuza, alikuwa mkuu wa shule miaka thelathini, na mpaka leo anatuita majina kama darasani. Aliwaangalia mlangoni, akaangalia saa yake.

"Absent, non excusé," akasema, kama kwenye daftari la shule: hayupo, hana udhuru. Akawarudisha.

Mimi nikalia usiku ule kama mjinga. Baba akaja kukaa kwenye ukingo wa kitanda changu.

"Sisemi ni mutu mubaya," akasema. "Nasema ni mutu wa batu wote. Utamupikia, batamuita. Utazaa, batamuita. Mi sitaki mutoto wangu aolewe na mutaa muzima."

Nilimwomba wiki kumi na moja. Mwishoni akakubali, Jumamosi ile, saa nane kamili, mara ya mwisho. Kama Gracien hatafika, jina lake lisitajwe tena ndani ya nyumba yetu. Na baba yangu akisema jambo, haongezi wala hapunguzi.

Mjue pia desturi yetu. Wageni wa namna hiyo wakifika, hawawezi kusema neno la maana mpaka binti aitwe. Baba anamuuliza mbele ya wote kama anawajua watu hawa, na kama pombe waliyoleta inywewe. Binti akisema ndiyo, pombe inafunguliwa. Akinyamaza, wageni wanabeba pombe yao na kurudi kwao.

Gracien akashuka kutoka kwenye tangi, akaja kusimama karibu yangu. Alikuwa ananuka chuma na sabuni. Macho yake yalianzia kwenye nywele zangu, yakateremka taratibu mpaka kwenye kitenge, na mimi nikahisi joto shingoni, nikazidi kukasirika.

"Umependeza," akasema kwa sauti ya chini.

"Saa iko ngapi?"

"Tano na nusu."

"Na unajua leo ni siku gani?"

"Najua, Eulalie. Saa nane, kwenu. Tonton Zagabe, mujomba wangu mukubwa, anatoka Kabare, nitaenda..."

"Sitaki histoire, Gracien. Ile siku ingine pia ulinieleza muzuri sana."

Akafunga mdomo. Ana tabia hiyo, ukimkata anafunga mdomo na anakuangalia tu, na yale macho yake yanafanya uonekane wewe ndiye mbaya.

"Kama unachelewa leo," nikamwambia, "usinitafute tena. Na ku réunion usinisalimie."

"Sitachelewa."

"Njo vile ulisema."

Alitoa jani lililokuwa limenasa begani kwangu, akalishika dakika nzima kana kwamba anatafuta pa kuliweka, kisha akaondoka. Nikamwangalia mgongo wake. Nilimpenda mpaka nikachoka, huo ndio ukweli, na kwa kuchoka huko nilitamani kumrushia daftari.

Saa sita papa Anaclet aliniita tupange hotuba. Kulikuwa na hotuba sita. Nikamwambia zibaki mbili. Akasema tano. Tulikuwa hapo tunavutana, Gracien akaja nyuma yangu.

"Eulalie, mi naenda."

"Ngoja kwanza."

Nilipogeuka hakuwepo. Niliona tu moto inapanda mteremko, yeye nyuma ya dereva, begi lake la vyombo vya kazi mgongoni.

"Anaenda wapi?"

"Nimemutuma Nyawera," akasema papa Anaclet, bado anaandika hotuba ya nne. "Marraine anasema hatuna makasi ya kukata ruban."

"Umemutuma? Leo?"

"Gracien hakataake kazi."

Nilimwangalia yule mzee mpole, mwenye kipara na miwani iliyofungwa kwa waya, na nikaomba Mungu anisaidie. Makasi. Baba zangu wadogo walikuwa wanavaa tai zao wakati huo, mama yangu anatandika vitambaa, na Gracien anafuata makasi.

Carine, rafiki yangu anayeshughulika na wageni, akanishika mkono. "Usijali, atarudi."

"Carine, kama yule mutu anakutana na mama anabeba mukungu wa ndizi, atamubebea mpaka kwake, atakuta mulango umevunjika, atatengeneza mulango."

Carine akacheka. Mimi sikucheka.

Mama yangu alikuwa ameniambia nitoke pale saa sita na nusu, marraine awe amekuja au hajaja. Saa sita na nusu niliangalia njia ya juu. Saa saba nikaangalia tena. Gracien hakurudi, na makasi hayakurudi. Na hapo ndipo nilipofanya kile nilichofanya. Mara ya kwanza nilimsubiri nyumbani, kwenye kiti, nimevaa vizuri, na wajomba na mashangazi wote wananiangalia kwa huruma. Nilikuwa nakumbuka ile huruma. Nikajiambia, Eulalie, kwa nini ukimbie nyumbani kumsubiri mtu ambaye hatakuja? Hapa angalau una kazi. Nikabaki. Simu yangu niliiacha kwa Carine, kwa sababu ndiyo yenye kamera nzuri, na nikaona ni afadhali, nisisikie mama akiniuliza jambo nisilo na jibu lake.

Marraine alifika saa nane na dakika ishirini. Alikuwa amependeza, siwezi kukataa. Utepe ukakatwa na panga, maana makasi hayakuwepo, na mimi nikafikiri, hata makasi yenyewe hakuleta.

Halafu picha. Klabu yetu ina tabia ambayo sijui ilianzia wapi: chochote kinachotolewa lazima kishikwe na watu wote wakubwa kwenye picha. Tukitoa ndoo moja kwa mgonjwa mmoja, watu tisa wanashika ndoo. Siku ile ilikuwa bidoni ya kwanza ya maji, imejaa, na mikono kumi na moja juu yake. Ikainama. Viatu vya marraine vikalowa. Carine akasema macho ya président yamefungwa, turudie. Tukarudia mara tatu. Hakuna aliyeuliza nani alichimba mtaro wa hayo maji.

Mimi nilijua nani. Nilikuwa nimeandika. Jana yake, nikiwa nimekaa jikoni, niliandika ripoti yote vizuri, majina kumi na tano, na la mwisho lilikuwa lake, na mistari minne chini yake. Niliandika kwa upendo, nikachagua maneno.

Ilipofika zamu yangu nikasimama kwenye jiwe na kufungua daftari. Carine akaanza kurekodi sauti, kwa ajili ya wanachama ambao hawakufika, kama kawaida, ili aitume kwenye kundi letu la WhatsApp. Nikasoma. Walioleta mawe. Waliochanganya simenti. Akina mama waliopika. Majina kumi na manne, moja moja, na watu wanapiga makofi. Nikafika kwenye lile la mwisho.

Nikaliangalia. Saa ilikuwa tisa kasorobo. Kwetu wageni wangekuwa wameshafika, kama walikuwa wanakuja.

Nikaruka. Nikasoma shukrani kwa marraine na kufunga daftari.

Bibi mmoja wa pale bondeni, amebeba bidoni yake tupu, akauliza kwa sauti, "Na ule kijana wa bomba?"

Nikajifanya sijasikia.

Carine alinirudishia simu watu walipoanza kula biskuti. "Maman yako anakuita sana," akasema. "Sikutaka kukukatisha ku ripoti."

Mara kumi na saba. Na ujumbe mmoja wa sauti wa mama, ananong'ona, nafikiri alikuwa amejifungia jikoni: "Eulalie, uko wapi, mutoto wangu? Gracien iko hapa tangu saa saba na nusu. Na ba tonton wake wote. Papa yako amekataa kuanza bila weye. Iko anaangalia saa."

Kisha nikamfuata papa Anaclet.

"Président, Gracien alikujibu nini, ulipomutuma makasi?"

"Alisema hapana, leo siwezi." Akatabasamu. "Nikajua anatania. Huyu hajasema hapana tangu club ianze. Kwani hakurudi?"

Nilivua viatu na kupanda ule mteremko na miguu mitupu.

Nimezaliwa Bukavu, nimepanda milima hii tangu utoto, lakini siku ile niliona hawa watu waliojenga mji huu hawakutupenda. Nilianguka mara moja, na goti. Kitenge kikashika matope mpaka kiunoni. Njia nzima nilikuwa najigombeza kwa sauti, na watu wananipisha.

Nilifika nyumbani saa kumi na dakika tano.

Sebule ilikuwa imejaa na imenyamaza. Upande huu baba zangu wadogo, upande ule wajomba wa Gracien, suti safi, viatu vinang'aa. Katikati ya meza kulikuwa na mtungi wa kasiksi, ile pombe yetu ya ndizi, mdomo wake umefungwa na jani la mgomba, na hakuna aliyeugusa. Tonton Zagabe, mkubwa wao, mzee mrefu mwenye fimbo, alikuwa amesimama tayari. Kofia ilikuwa kichwani.

Gracien alikuwa amekaa pembeni kwenye kiti cha plastiki, shati jeupe, tai ya kuazima ambayo ilikuwa fupi. Aliniangalia matope yangu, akaangalia miguu yangu mitupu. Nilitafuta hasira kwenye macho yake, nikakosa. Yalikuwa yamechoka tu, na hilo liliniuma zaidi.

Baba akaangalia saa yake. "Eulalie."

"Présente, papa," nikajibu, kwa mazoea.

"Unachelewa saa mbili na dakika tano. Miaka thelathini ya kazi, sikupata haya kama ya leo. Nilimukatalia kijana wa batu juu ya kuchelewa. Leo bageni banafika mbele ya saa, ni mutoto wangu njo anakosa."

"Pardon, papa. Pardon, ba tonton. Nilikuwa..."

"Tunajua ulikuwa wapi," akasema tonton Zagabe. Sauti yake haikuwa kali, na ndiyo maana ilinitisha. "Tulikuwa tunauliza, huyu musichana iko wapi. Gracien akasema, atakuya. Tukauliza tena. Atakuya. Saa tisa nikasema twende. Akatoa simu, akasema, ngojeni mumusikie, iko ku kazi, iko anasoma ripoti. Akaiweka pale ku meza. Alikuwa na furaha. Akasema, musikilize vile anasoma muzuri."

Nilielewa kabla hajamaliza. Nikatamani sakafu inimeze.

"Tukasikiliza," akaendelea mzee. "Sisi wote, na papa yako, na maman yako. Majina ya batu kumi na ine. Mi nilikuwa nangojea jina ya mutoto wetu, juu najua ni yee alichimba. Alikuwa anafika kwangu Kabare na mikono imetoboka, nikamuuliza, akasema ni ile chemchemi. Ripoti ikaisha." Akarekebisha kofia. "Sasa papa Cirhuza atakuuliza kama unatujua. Mi naona jibu tulishalisikia."

Mama yangu alikuwa mlangoni mwa jikoni, kitambaa mdomoni.

"Gracien," nikasema.

"Haina shida," akasema taratibu, anaangalia mikono yake. "Ulikuwa na hasira."

"Usinisaidie," nikamwambia, na sauti ikavunjika. "Leo usinisaidie."

Baba akainua mkono na wote wakatulia. Alikuwa mkuu wa shule tena. "Swali lazima liulizwe. Tonton Zagabe, unipe dakika moja, ukae. Eulalie, hawa batu banafika na kasiksi yao. Unabajua?"

Ningeweza kusema ndiyo. Neno moja. Lakini nilimwona Zagabe amekaa kwenye ncha ya kiti, nikajua ndiyo yangu haitamtosha, na hata mimi haingenitosha. Nikafungua daftari. Lilikuwa limelowa pembeni, lakini ukurasa ule ulikuwa mzima, na ile mistari minne ilikuwa palepale. Sikuwa nimeifuta.

Nikasoma jinsi ninavyosoma ripoti, nimesimama wima.

"La kumi na tano ni Gracien. Alipima njia ya maji peke yake, Jumamosi mbili, na mvua. Alichimba mutaro tangu ku jiwe mpaka ku tangi, na pale jiwe lilikataa, alilikata na nyundo siku ine. Alimuwekea bibi wa pale bondeni, ambaye hawezi kupanda, bomba moja chini, ku urefu wa mukono wake. Hajakosa siku hata moja. Hakuomba aandikwe. Mwenye kuandika anamuandika juu alimuona."

Nikafunga daftari.

"Hiyo njo ripoti," nikasema. "Ile mulisikia ilikuwa na makosa. Makosa ni yangu. Niliruka jina yake juu nilisema hatakuya. Nilisema anafuata makasi ya club. Nilibaki kule, juu sikutaka kumungoja tena. Papa, uliniuliza kama nabajua. Nabajua. Yee namujua kuliko vile nilimufanyia leo."

Mmoja wa baba zangu wadogo alipangusa jicho na kujifanya ni jasho.

Baba akanigeukia. "Weye ulisema hatakuya."

"Ndiyo, papa."

"Yee alisema atakuya. Saa mbili na nusu, kila mara tunamuuliza, neno moja tu. Atakuya." Baba akavua miwani yake, akaifuta, akaivaa. "Mi nilikuwa naogopa mutoto wangu ataolewa na mutu wa batu wote. Kumbe nina wawili."

Tonton Zagabe alicheka kwanza, kicheko kifupi cha puani. Kisha akavua kofia na kuiweka juu ya goti.

"Soma tena pale pa jiwe," akaniambia. "Siku ngapi?"

"Siku ine, tonton."

"Na nyundo yangu," akawaambia wenzake. "Alinivunjia mupini."

Na hapohapo, simu ya Gracien ikalia.

Ilikuwa juu ya meza, karibu na mtungi, na sote tuliona jina: Président Anaclet. Ikalia, ikalia. Kicheko kikakatika. Gracien alinyoosha mkono, nikaona vidole vyake vinataka kuipokea vyenyewe, kama vilivyozoea. Baba yangu alikuwa anamwangalia. Zagabe alikuwa anamwangalia. Mama yangu akafumba macho.

Gracien akaichukua, akageuka, na kunipa mimi.

"Weye njo secrétaire," akasema.

Vidole vyetu viligusana juu ya ile simu. Hakuviondoa haraka, na mimi sikuviondoa.

"Allô, président."

"Eulalie? Gracien iko wapi? Bomba ya katikati haifungi, maji inaenda mu njia, marraine anauliza..."

"Ufunguo niliuacha chini ya jiwe ya ripoti," Gracien akanong'ona. "Nathanaël wa club anaweza. Azungushe ku kulia."

Nikarudia maneno hayo kwenye simu.

"Lakini Gracien mwenyewe anakuya?" papa Anaclet akauliza.

"Hapana, président. Leo umuandike absent, excusé."

Baba yangu akainua kidole. Miaka thelathini ya kazi haiishi. "Excusé haikubaliwe bila sababu," akasema. "Sababu gani?"

Mama alikuwa ameshafika mezani. Alishika lile jani la mgomba kwenye mdomo wa mtungi, akasubiri, ananiangalia. Nikamwangalia Gracien, na tai yake fupi, na mikono ile ambayo sikutaka kuitaja mbele ya watu.

"Sababu, président," nikasema, "Gracien iko kwetu, na pombe yao inywewe."